Fulu Weusi wa Nyakune

Stima ilipotea Kisumu Jumapili asubuhi, taa na mashine zikazimika watu wakiwa kanisani, na iliporudi, fulu dume wa mwisho, samaki mdogo wa ziwani, alikuwa ameelea tumbo juu katika tangi la kioo. Milka, mtafiti wa samaki, alimkuta Jumatatu. Pampu ya hewa ilikuwa imeamka na inapuliza mapovu kwa bidii, kama mlinzi anayepiga kelele wakati mwizi ameshakwenda zake.

Hakulia. Alimtoa kwa kichujio cha chai, akamlaza juu ya gazeti. Samaki mwenyewe hakuzidi urefu wa kidole cha kati, mweusi tititi, na mgongoni alikuwa na mstari mwekundu ambao tayari ulikuwa unafifia. Wanyonyi, dereva wa boti ya kituo cha utafiti, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akitazama.

"Pole, madam," alisema. "Lakini si ukubali tu yaishe? Hii kitu hata ugali ya mtoto haiwezi kumaliza."

Wanyonyi alikuwa mtu wa Bungoma, mpole, asiye na neno na mtu, na alichosema ndicho kilichosemwa na Kisumu nzima. Mwaka huo wa 1988 ziwa lilikuwa la mbuta, samaki mkubwa ambaye wengine humwita sangara. Mbuta hakuwa mwenyeji. Aliletwa na wakubwa enzi za ukoloni, akatiwa majini, akatulia miaka mingi kama mgeni mwenye adabu, kisha akaanza kula. Sasa alikuwa mfalme. Minofu yake ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa yenye kichwa, ile iliyoitwa mgongo wazi, ilikaangwa barabarani ikauzwa kwa wenye ziwa lao. Nani angepata muda na samaki wa kidole kimoja?

Na fulu walikuwa wengi, jamani. Walikuwa wa kila rangi na kila tabia, wengine wala konokono, wengine wala magamba ya wenzao. Wataalamu wa kituo walikaa miaka wakiwapa majina, na kabla hawajamaliza kuwapa majina, mbuta alikuwa amemaliza kuwameza. Kila kisiwa chenye mawe kilikuwa na fulu wake. Huyu mweusi aliishi mahali pamoja tu chini ya jua, kwenye mawe ya upande wa magharibi wa kisiwa cha Nyakune. Milka alizaliwa Nyakune. Alikuwa amemtafuta kwingine kote, kisiwa baada ya kisiwa, akarudi mikono mitupu.

Tabia ya fulu ni hii: jike akishataga, huyaokota mayai yake kwa mdomo na kuyaatamia humo humo. Hali kitu. Watoto wakianguliwa hukaa mdomoni mpaka wajue kuogelea, na hata wakishatoka, wakiona kivuli hukimbilia mdomoni kwa mama yao. Milka alikuwa na madume wawili tangini, akawa anangoja jike. Mmoja alimuua mwenzake. Wa pili kauawa na stima. Na huko mawe ya Nyakune, tangu masika ya mwaka uliopita hakuna aliyeona dume hata mmoja, ingawa huenda mmoja au wawili bado walijificha nyufani.

Kwa hiyo jike mtupu sasa hangemsaidia. Alihitaji jike ambaye mdomo umekwisha jaa. Mdomo mmoja tu ungetosha, maana ndani yake mngekuwa na wa kike na wa kiume, nao wangekua, wazaane, na mbegu ya fulu mweusi isikatike. Wangeishi kwenye vioo, ndiyo, wakila unga wa dagaa, lakini wangeishi. Asipoupata mdomo huo, basi samaki ambaye Mungu alimweka mahali pamoja tu angekuwa amekwisha, na Milka ndiye angekuwa shahidi.

Bwana Enos, mkuu wa kituo, alimwidhinishia petroli shingo upande. "Safari moja," alisema. "Moja, Milka. Nina mradi wa mbuta unaningoja."

Sasa kuna jambo ambalo lazima lielezwe, nalo ndilo lililomfanya Milka apigiwe makofi na wageni katika hoteli kubwa ya mjini, kwenye mkutano wa mambo ya ziwa, kabla ya safari hiyo. Aliwasimulia desturi ya kwao. Wanawake wa Nyakune ndio waliovua fulu, wakiingia majini mpaka kiunoni na migono, mitego waliyoisuka wenyewe kwa matete. Mwanamke akipata jike mwenye mdomo uliovimba, sharti amtemeshe. Humbonyeza mashavu kwa vidole viwili, mdomo ukiwa chini ya maji, watoto wakamwagika, kisha hugeuka akaenda zake. Mama ni wako, watoto ni wa ziwa. Na usitazame nyuma. Kutazama ni kuhesabu, na kuhesabu ulichomrudishia mwenyewe ni kama kumdai. Mwanamke anayebeba watoto wa fulu mpaka jikoni kwake, ziwa litakuja kuchukua wa kwake.

Wageni walifurahi mno. Mmoja alitokwa na machozi. Walisema hayo ndiyo maarifa ya wenyeji, na kwamba dunia nzima ingejifunza kwa wanawake wa Nyakune. Milka alirudi kwake Nyamasaria siku hiyo kichwa juu. Hakuwaambia kwamba desturi hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mama yake, Dorca.

Dorca hakuzaliwa kisiwani. Alitoka kwa wakulima wa Sondu, watu wa mahindi na mto, akaolewa Nyakune bado msichana asiyejua mgono unashikwa wapi. Miezi ya kwanza ya ndoa alivua jike mwenye mdomo uliojaa, akaona amebahatika, akampika na vilivyomo. Mama mkwe aliingia jikoni, akachungulia sufuria, akatoka bila kusema neno. Baadaye Dorca alizaa mtoto, akazaa na wa pili, na wote wawili wakafa ndani ya mwezi mmoja. Siku ya maziko ya yule wa pili mama mkwe alisema jambo moja tu: "Sasa wewe na ziwa mmelipana." Tangu hapo hapakuwa na mwanamke Nyakune aliyeshika desturi kumzidi Dorca. Waliozaliwa hapo hapo walikuwa wakisahau au wakijitia hamnazo njaa ikizidi. Yeye hakusahau. Ndipo akampata Gordon, kisha Milka, na wote wakakua.

Boti ilifika Nyakune kabla ya saa sita. Zamani ufukwe ule ulinuka matope na majani. Siku hizi ulinuka mafuta. Majiko ya kubanikia mbuta yalikuwa yamepangwa toka kwenye mawe mpaka kanisani, na miti iliyokuwa ikikinga jua ilikuwa imekwisha ingia motoni. Gordon, kaka yake, alikuja kuwapokea akiwa na redio begani. Mbuta alimjengea nyumba ya mabati, akamlipia mahari, na hakuona haya kusema hivyo.

"Dada wa serikali!" alipiga kelele. "Umekuja tena kutafuta chakula ya samaki yangu?"

"Nimekuja kwa mama."

"Mama yuko. Lakini yeye na hiyo fulu yenu, aki! Anaenda pale kwa mawe kila asubuhi, anarudi na kaa mmoja. Mimi namwambia, mama, kaa chini, mbuta iko. Anasema mbuta inanuka."

Dorca alikuwa nyuma ya jiko, ameketi juu ya gunia, anapepeta omena, dagaa wa ziwa, kwenye uteo. Alikuwa mwembamba na mkavu, mikono mirefu, macho yake bado makali. Alimsalimu mwanawe, akauliza habari za Kisumu, akauliza kama bado anaenda kanisani. Milka aliketi chini karibu naye, akasema moja kwa moja.

"Mama, nataka fulu rateng', yule mweusi, jike mwenye mdomo umejaa. Mzima, na watoto wake ndani."

Dorca aliendelea kupepeta. "Samaki nitakupa."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa ziwa. Hiyo si wewe ulikuwa unaambia wazungu?"

Habari za mkutano zilikuwa zimefika, na bila shaka Gordon ndiye aliyezibeba. "Mama, ziwa limebadilika. Huko chini sasa ni mbuta tu."

"Kwani mimi sijui mbuta? Si ndiyo inalisha Gordon? Mbuta inakaa kilindini. Pale kwa mawe hapana."

"Amefika hata kwa mawe. Nimewapasua tumbo, mama, kwa mikono yangu hii. Nimewakuta fulu ndani."

"Tumbo haisemi ilikula wapi."

Na ni kweli, tumbo halisemi. Upepo ukapuliza makapi ya omena yakamrukia usoni. Milka akaamua kulisema lile ambalo hakuwahi kulisema tangu azaliwe.

"Ilikuwa surua, mama. Kisiwa kizima kilikuwa na surua mwaka huo. Hata jirani yetu Mzee Zadock alizika wake. Hakuna kitu ulilipa."

Uteo ulisimama.

"Hao watoto niliwaosha mimi," Dorca alisema polepole. "Hukuwa umezaliwa. Ukazaliwa wewe na Gordon, mkaishi, kwa sababu mimi nilishika hii kitu kwa mikono miwili. Gordon ana watoto wanne. Sasa unaniambia niiachilie, nione itachukua nani?"

"Mama, nakuomba. Mara moja tu. Wakikwisha hawa hakuna wengine popote. Hata huko Uganda, hata Tanzania. Hakuna."

Dorca aliinuka na uteo wake. Akasema, "Kesho asubuhi tutaingia majini pamoja. Mwambie huyo Mluhya wako aje ale."

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Milka aliichukua hiyo kuwa ndiyo, kwa sababu ndiyo ndiyo aliyoitaka, akaenda kumwambia Wanyonyi aandae ndoo na ile pampu ndogo ya betri. Jioni hiyo alikula omena na mama yake wakazungumza habari za binamu aliyepata kazi ya ualimu. Alijiona amesuluhisha jambo kubwa, na alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia. Wanyonyi, ambaye aliendesha boti miaka yote hiyo na bado aliogopa maji yasiyo na boti juu yake, alibaki ufukweni na ndoo. Dorca alijifunga leso juu ya magoti, akatangulia. Milka alimfuata kwa suruali ya kazi, akihisi mawe kwa nyayo, yale yale aliyoyakanyaga akiwa msichana. Migono ilikuwa imetegwa tangu jana katika nyufa kati ya mawe. Wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili ulikuwa na kaa, na Dorca alimtupa kwa hasira bila kumtazama. Uliofuata ulikuwa mtupu. Milka alianza kuomba kimoyomoyo, sala za Jumapili zile zile, kwa kuwa nyingine hakuzijua.

Mgono wa mwisho ulikuwa kwenye ufa mpana, mahali ambapo mawe huishia na maji kugeuka kuwa meusi. Dorca aliuinua nusu, maji yakachuruzika, akaingiza mkono. Akautoa polepole akiwa amekishika kitu chini ya maji, na Milka akaona.

Alikuwa jike, wa kijivu, mnyonge wa kutazama, asiye na uzuri wowote wa madume. Lakini koo lake lilikuwa limevimba, limejaa mpaka ngozi ya chini imekuwa nyembamba, na nyuma ya ngozi hiyo vidoa vyeusi vilikuwa vinacheza. Ni macho ya watoto. Walikuwa karibu kabisa kutoka. Milka akasogea atazame vizuri. Alikuwa karibu na mama yake kiasi kwamba bega lake liligusa leso iliyolowa.

"Mama," alisema, "usimtoe majini. Ngoja Wanyonyi alete ndoo."

Dorca hakugeuka. Alimshusha samaki, mdomo ukaelekea chini, na vidole viwili vikaenda mashavuni taratibu, kwa upole wa miaka mingi.

"Mama, hapana!"

Mkono wa Milka ulitoka majini, ukaenda, ukafika karibu na kifundo cha mkono wa mama yake. Ukasimama hapo. Vidole viwili vikabonyeza.

Watoto walimwagika. Walikuwa wadogo kama simsim, kila mmoja macho mawili na mkia. Kwa desturi Dorca angekuwa ameshageuka, lakini ile sauti ya mwanawe ilimfanya abaki akitazama. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kinachofuata. Watoto hawakukimbia. Walikusanyika, wakageuka wote pamoja, wakaja kwenye mkono wake. Walikuwa wanatafuta mdomo. Walijipenyeza kati ya vidole vyake, kwenye mikunjo ya leso, kila palipokuwa na giza kidogo, wakisukumana waingie ndani, na hapakuwa na ndani. Mama yao alikuwa ameshikwa juu yao, anahema.

Kisha kwenye ukingo wa mawe, hapo maji yanapogeuka meusi, kitu kilisogea. Jicho lake liling'aa manjano. Alikuwa mbuta mdogo, wa urefu wa mkono wa mtu mzima. Hakuharakisha. Alifungua mdomo mara moja, maji yakavutwa, na nusu ya wale watoto wakawa hawapo. Mwingine akatoka ufa wa pili, na mwingine nyuma yake. Walikuwa wamekaa hapo wakingoja, kama watu waliozoea kuandaliwa meza. Milka alipiga maji kwa viganja, akapiga mateke, akapiga kelele, akainama na kujaribu kuwakusanya kwa mikono wale waliobaki. Alipoinuka viganja vilikuwa na maji tu.

"Ni nini hiyo?" Dorca aliuliza.

"Mbuta, mama."

"Hapa kwa mawe?"

"Hapa kwa mawe."

Dorca alitazama mahali pale. "Wuololo," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu msibani. Na Milka, ambaye alikuwa amelelewa kwa adabu, ambaye hakuwahi kumrushia mama yake neno, alishikwa na hasira ambayo hakujua kama alikuwa nayo.

"Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote tangu mbuta aje. Kila mmoja uliyemtemesha, uliweka kwa mdomo wa mbuta kwa mkono wako, halafu ukageuka ukaenda nyumbani na roho safi. Sio nyavu za Gordon zilimaliza fulu hapa, mama. Nyavu za Gordon zina matundu makubwa. Ni wewe."

Hayo ndiyo aliyoyasema, na yalisikika mpaka ufukweni, kwa sababu Wanyonyi aliinamisha kichwa akajifanya anatengeneza pampu. Dorca alinyoosha mkono akampa samaki. Milka alimpokea, akampeleka kwenye ndoo, na hakungoja chai. Boti ilipoondoka mama yake bado alikuwa majini, maji yakimfikia kiunoni, anatazama chini.

Yule jike aliishi, akakaa katika tangi peke yake. Wavuvi waliahidiwa zawadi, Wanyonyi alizunguka visiwa na picha ya samaki huyo iliyochorwa kwa rangi, Milka mwenyewe alirudi kwenye mawe mara kadhaa kwa boti ya kukodi bila kupanda nyumbani. Fulu mweusi mwingine hakuonekana, wa kike wala wa kiume. Gordon alileta habari kwamba mama ameichoma migono yake yote, akapikia uji, na kwamba sasa anakula mbuta kama watu wengine. Alilisema hilo kama habari njema. Krismasi ilipofika Milka alituma sukari na majani ya chai kwa mtu, yeye mwenyewe akasema ana kazi nyingi.

Katika mikutano waliendelea kumwita. Waliitaka ile hadithi ya wanawake wanaotemesha, waliisikia kwa wenzao, walikuwa wameisafiria. Aliwasimulia. Alipofika pale wanawake wanapogeuka bila kutazama nyuma, alishukuru, akaketi, wakampigia makofi.

Mwaka wa 1990 Dorca alikuja Kisumu kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, akafikia kwa Milka Nyamasaria kwa sababu hakuwa na kwingine. Walikaa siku mbili wakisemezana habari za mboga na mvua. Siku ya tatu, kabla ya kurudi, alisema, "Nipeleke nimwone."

Milka alimpeleka. Chumba cha matangi kilikuwa kimepunguzwa, nusu yake imewekwa majokofu ya mradi wa Bwana Enos, na mashine zilikuwa zinanguruma. Tangi lilikuwa dirishani. Dorca aliinama, mikono nyuma, akamtafuta samaki kati ya mawe mawili yaliyotiwa humo. Akamwona. Uso wake ukafunguka, kwa mara ya kwanza tangu ile siku.

"Milka! Amebeba! Angalia shingo yake. Ulipata dume wapi?"

"Hakuna dume, mama."

"Sasa amebeba nini?"

"Mayai matupu. Anataga tu mwenyewe, akishataga anayaokota. Atakaa nayo hivyo bila kula, halafu yataharibika, ayateme. Anapumzika kidogo, anakonda, anaanza tena. Amefanya hivyo tangu aje."

"Na yeye hajui?"

"Hajui."

Dorca alivuta kiti cha mbao akaketi mbele ya kioo. Samaki alikuwa ametulia katika kivuli cha jiwe, mdomo umefungwa vizuri, akiyageuza geuza mayai yake ndani polepole jinsi wanavyofanya ili yapate hewa. Alifanya kazi hiyo kwa makini sana. Milka alisimama nyuma, akaona mgongo wa mama yake umepinda kuliko alivyoukumbuka, na akataka kumwekea mkono begani. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha kwa miaka miwili. Alikuwa ameandaa pia maneno mengine, ya kushtaki, na siku nyingine hayo ndiyo yaliyokuwa mengi.

"Ile siku," Dorca alisema, bado akitazama kioo, "ulikuwa karibu na mimi."

"Ndiyo, mama."

"Bega yako ilikuwa hapa." Alijigusa mkono. "Niliona mkono yako ikikuja. Nikasema moyoni, huyu atanishika. Nilikuwa na nguvu gani mimi? Ungenishika tu, ningekuachia samaki. Ningesema ni wewe umevunja desturi, si mimi." Mashine zilinguruma. "Mkono ikasimama. Kwa nini hukunishika?"

Milka aliikumbuka ile dakika vizuri kuliko jambo lolote la maisha yake. Alikuwa na shahada, alikuwa amepasua matumbo ya mbuta, alijua surua ni nini na huletwa na nini. Na mkono wake ulipofika pale, kabla tu ya kugusa, aliwaona akilini watoto wanne wa Gordon wakiwa wamelazwa maiti kwenye mkeka mmoja, akaogopa. Kwa kitambo kile kifupi aliamini kila kitu ambacho mama yake aliamini. Halafu watoto wa fulu walipokwisha, alimgeukia mama yake akamwita mwuaji kwa kuamini hayo hayo.

"Ilikuwa heshima, mama," alisema. "Wewe ni mama yangu. Ningekushikaje mkono?"

Dorca aliitikia kwa kichwa, akakubali. Alisema heshima ni kitu kizuri, na kwamba angalau alimlea mtoto mwenye heshima. Kisha akakaa hapo hapo mbele ya tangi, akamngoja yule samaki ateme, ingawa Milka alimwambia kwamba siku yake ilikuwa bado.